Mkiani mwa pikipiki saba

Kila tunapopanga safari huwa kuna ubishi mrefu kuhusu nani aongoze. Kuhusu nani akae nyuma, ubishi hakuna. Ni mimi. Nafasi hiyo niliiomba mwenyewe, na ni vizuri niseme sababu yake kwanza.

Miaka miwili iliyopita tulikuwa tunapanda kutoka Chemelil kwenda Nandi Hills, jua likizama, nami nikajikuta wa mwisho bila mtu yeyote kunipangia. Kwenye kona moja cheni ikakatika, kiungo chake kikaruka na kupotelea kwenye nyasi. Nilipiga honi, nikawasha na kuzima taa, hakuna aliyegeuka. Nikabaki nazitazama taa nyekundu za wenzangu zikipanda kule juu na kupotea moja moja, huku chini yangu mashamba ya miwa yakiingia giza. Nilikaa pale saa moja na nusu, napapasa nyasi kwa mwanga wa simu. Wenzangu waligundua walipoagiza chai Nandi Hills na kikombe kimoja kikabaki mezani hakina mwenyewe. Walirudi mbio, wakaniomba radhi, na mimi nikasamehe siku ileile. Lakini mlio wa zile injini ukififia na kuniacha pale peke yangu, huo sijausahau. Tangu siku hiyo mkia ni wangu.

Mimi ni fundi wa pikipiki hapa Kondele, Kisumu. Kwetu ni Vihiga, ila nimeshaishi na ziwa hili la Victoria miaka kumi na tisa, na wikendi iliyopita tulilizunguka. Si ziwa lote, maana lina kilomita za mraba zaidi ya 68,000 na nchi tatu. Tulizunguka Ghuba ya Winam, huu mkono wa ziwa unaoingia Kenya hadi Kisumu. Jumamosi tulipita kusini: Ahero, Katito, Kendu Bay, Homa Bay, tukalala Mbita. Jumapili tukavuka kwa feri hadi Luanda K'Otieno na kurudi nyumbani kwa upande wa kaskazini kupitia Ndori na Kisian. Pikipiki saba, watu wanane. Mbele Mwalimu, amembeba mkewe. Nyuma yake Afisa wa kilimo, kisha Mzee wetu aliyestaafu reli, kisha Sista ambaye ni muuguzi, kisha mwanagenzi wangu wa karakana, kisha Kijana wa duka la simu ambaye ilikuwa safari yake ya kwanza nasi. Halafu mimi.

Saa kumi na mbili asubuhi nilizikagua zote saba kwenye kituo cha mafuta. Hilo silifanyi kwa haraka hata wakinung'unika. Cheni naisukuma kwa kidole katikati, icheze kama sentimita mbili hadi tatu. Ikikaza sana itakula sproketi, ikilegea sana itaruka. Waya za breki, taa ya nyuma, tairi, spoku moja moja kwa kuzigonga na spana, maana spoku iliyolegea inatoa sauti nzito kuliko wenzake. Pikipiki ya Kijana ilikuwa mpya, injini ya cc 250, ina nguvu kuliko zetu zote. Vioo vyake vyote viwili vilikuwa vimegeuzwa ndani, havioni kitu. Nikavirudisha mahali pake. Hakusema neno.

Kisha Mwalimu akatukumbusha utaratibu. Hatuendi sambamba, tunakwenda kwa kupishana: wa kwanza upande wa kulia wa njia yetu, wa pili kushoto, hivyo hivyo hadi nyuma, ili kila mtu awe na nafasi ya kukwepa. Umbali ni wa sekunde mbili. Wa mbele yako akipita nguzo ya stima, anza kuhesabu mia moja na moja, mia moja na mbili. Ukifika nguzoni kabla hujamaliza, umemkaribia mno. Shimo likiwa kulia, unashusha mguu wa kulia ili wa nyuma auone. Na kwenye njia panda, hapo ndipo mimi huwa nakazia: humfuati wa mbele mpaka wa nyuma yako akuone umegeukia wapi. Ukishika sheria hiyo moja, hata tukiwa ishirini hapotei mtu.

Barabara ya Ahero asubuhi ina malori na matatu, hapo hakuna la kufurahia, ni kushika mstari tu. Lakini ukishafika kwenye mashamba ya mpunga mambo hubadilika. Maji yametulia kwenye majaruba, hewa ina harufu ya tope bichi, na watoto wamesimama kwenye matuta wakifukuza ndege kwa kelele na madongo. Nikiwa nyuma naziona kofia saba mbele yangu zikigeuka kushoto kwa pamoja, kisha kulia kwa pamoja, kama watu wanaotazama mpira. Aliye mbele hawezi kuona hilo, yeye ana barabara tu.

Na kuna kusikia. Sijui kama watu wasiofanya kazi yangu watanielewa, lakini mkiani napata milio sita kwa wakati mmoja na kila mmoja naujua. Ya Mzee ina valvu zinazogonga kidogo ikiwa baridi, zikinyamaza najua imepata joto. Ya Afisa cheni yake inalia kama mtu anayetafuna kashata, amekataa kuipaka grisi mwezi mzima. Ya Mwalimu inabeba watu wawili na kwenye mwinuko inashuka sauti kabla ya nyingine zote. Sihitaji kuangalia. Kukiwa na mlio mgeni, natafuta ni wa nani.

Katito tuliiacha barabara ya Kisii na kushika ya Kendu Bay. Hapo nchi inafunguka. Kushoto genge la Nyakach limesimama kama ukuta, na chini yake upo mtambo wa Sondu Miriu unaotoa megawati 60 kwa maji ya mto yaliyopitishwa kwenye handaki ndani ya mlima. Kulia ni uwanda wa miti ya miiba hadi ziwani. Ni kwenye uwanda huo nilipoiona tairi ya nyuma ya Sista ikiyumba. Kidogo tu, kama kiuno cha mtu aliyechoka. Yeye mwenyewe hakuwa amehisi. Nikapiga honi mara tatu na kuwasha taa, mwanagenzi akapokea na kupiga zake tatu, ikaenda hivyo hivyo hadi kwa Mwalimu, na pikipiki zote saba zikasimama ndani ya mita mia mbili. Nitasema kweli, honi ile iliyotoka kwangu ikafika mbele bila kukatika ilinifurahisha kuliko mandhari yote ya siku ile.

Ilikuwa pancha ya mwiba wa mgunga. Nilimwachia mwanagenzi afungue gurudumu, nikakaa kando nikitazama. Alitoa tyubu vizuri, akaipitisha kwenye beseni la maji tuliloletewa, akaona mapovu, akakwangua, akapaka gundi na kusubiri ikauke badala ya kubandika haraka. Nikangoja nione kama atakumbuka. Akakumbuka: kabla ya kurudisha tyubu akapitisha vidole polepole ndani ya tairi nzima, na akaupata mwiba ukiwa bado umechomoza kwa ndani. Wengi husahau hapo. Wanaziba tyubu, wanafunga, wanakwenda kilomita mbili, mwiba uleule unatoboa tena.

Beseni lilitoka kwa mama mmoja wa boma la jirani. Alikuja pia na kigoda, akakiweka kivulini na kumwambia Sista, "Mos, nyara," pole binti yangu, kana kwamba Sista ndiye aliyetobolewa. Alikataa pesa. Mzee akaongea naye Kijaluo kwa muda, wakatafuta ukoo wa pande zote mbili, na haikupita dakika kumi ikagundulika shangazi wa Mzee aliolewa mlima wa pili kutoka hapo. Tulipoondoka mama alikuwa anamwita Mzee shemeji.

Kendu Bay tulisimama kwenye ziwa dogo la Simbi Nyaima. Ni duara la maji ya magadi lililo karibu kabisa na ziwa kubwa lakini halichangamani nalo. Hadithi yake kila mtoto wa hapo anaijua: bibi kizee alifika jioni kwenye kijiji kilichokuwa katika sherehe ya pombe, akaomba mahali pa kujisitiri na mvua, wakamfukuza, mwanamke mmoja peke yake akampokea. Usiku ule maji yakakimeza kijiji chote. Jina lenyewe linasema ni kijiji kilichozama. Mkewe Mwalimu alikaa ukingoni akitazama heroe wachache waliokuwa upande wa pili, na akasema yule mama wa beseni kijiji chake hakitazama. Sikuwa nimeyaunganisha hayo mawili mpaka aliposema.

Mambo yaliharibika Homa Bay. Tulikula vizuri, ngege wa kukaanga na ugali wa mtama, chini ya ule mlima mchongoko wa Got Asego. Tulipoondoka Kijana alimpita Mwalimu. Barabara ilikuwa nyeupe, pikipiki yake ina nguvu, ukawa muda wa kufumba na kufumbua. Aliye mbele ya kiongozi hana wa kumwonyesha njia, na kwenye njia panda yeye akashika barabara ya Rongo, sisi ni wa Mbita. Nilihesabu kofia: sita. Honi tatu. Tukasimama.

Simu yake ilikuwa ndani ya begi, ikalia bila kupokewa. Afisa alipendekeza tuendelee, atatukuta, Mbita si mbali. Nikasema mimi siondoki. Sikupandisha sauti, lakini wote walijua ninazungumza kutoka wapi. Tukakaa chini ya mti dakika arobaini na kitu. Mwalimu alikuwa na hasira iliyomfanya anyamaze. Mimi sikuwa na hasira. Nilikuwa nawaza cheni yake, ambayo asubuhi niliona ni nzima, nikajiuliza kama kweli niliitazama vya kutosha. Ndivyo ilivyo ukiwa mkia, mtu akichelewa unaanza kujikagua wewe.

Alirudi mwenyewe, jasho linamtiririka, akasema, "Samahani wazee. Nilitazama kioo sikuona mtu." Mwalimu akafungua kinywa, Mzee akamwekea mkono begani. Tukaondoka. Hakuna aliyesema kitu hadi usiku.

Kutoka Homa Bay hadi Mbita ni kipande nilichokipenda kuliko vyote. Vilima vya Gembe mbele, ziwa linatokea na kupotea, barabara inapinda kwa upole na pikipiki zinalala upande mmoja kisha mwingine kama nyasi. Isipokuwa Afisa. Yeye kichwa chake kilikuwa mashambani kabisa, nikaona gurudumu lake limegusa ukingo wa lami mara mbili, nikawasimamisha wote makusudi ili atazame akiwa ameshuka. Alichokuwa akikitazama ni mahindi. Katikati ya mistari kumepandwa mmea uitwao desmodiamu, na pembeni mwa shamba, kuzunguka pande zote, nyasi ya nepia. Akatueleza kwamba maarifa hayo yalikomaa papa hapa Mbita, kwenye kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe. Harufu ya desmodiamu humfukuza nondo wa funza wa mabua, nepia humvuta nje, akatage mayai huko. Na kayongo, lile gugu la maua ya zambarau linalonyonya mahindi mpaka yanadumaa, mbegu zake hudanganywa na mizizi ya desmodiamu: zinachipuka zikidhani kuna mahindi, hazipati cha kunyonya, zinakufa. Shamba la mama yangu Vihiga limeliwa na kayongo miaka mingi. Nilimfanya arudie maelezo mara mbili nikayaandika kwenye karatasi ya risiti.

Tulifika Mbita saa kumi na moja, omena, wale dagaa wa ziwani, wameanikwa kwenye nyavu kila mahali, wanametameta. Usiku haukuwa na mwezi, nao usiku wa namna hiyo ndio wa wavuvi wa omena. Walitoka na taa zao, na ziwa lote likageuka mji. Tulikaa ukingoni tukizitazama, chai mkononi, ndipo Mzee alipoanza, bila kumtazama Kijana, anazungumza na ziwa.

Alisema alipoingia reli alianza kazi na gadi, yule mtu aliyekaa behewa la mwisho. Nyuma ya behewa hilo kulikuwa na taa nyekundu. Treni ikipita stesheni, stesheni masta haangalii injini. Injini anaisikia tu. Anasimama anangoja mabehewa yote yapite mpaka aione ile taa ya mkia. Akiiona, anajua treni ni nzima, anaandika kitabuni, na njia inakuwa huru kwa treni nyingine. Asipoiona, hata kama injini imepita salama na dereva amempungia mkono, basi kuna mabehewa yamekatikia njiani gizani, na hairuhusiwi treni yoyote kuingia kipande kile. "Reli ilifika Kisumu mwaka 1901," akasema, "na tangu siku hiyo watu wa mkia ndio waliotufanya tulale."

Kijana aliuliza gadi alikuwa anafanya nini usiku kucha kule nyuma peke yake. Mzee akasema alikuwa anasikiliza. Nilinyanyuka nikaenda kuosha kikombe changu, maana macho yalikuwa yamenilowa.

Jumapili asubuhi tulivuka daraja kwenda kisiwa cha Rusinga, kwenye kaburi la Tom Mboya. Jengo lake limejengwa kwa umbo la risasi, kwa kuwa alipigwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969, akiwa hajafikisha miaka thelathini na tisa. Mwalimu alisimama pale muda mrefu. Mmoja wa walimu waliomfundisha yeye, alituambia, alikuwa kati ya wale vijana waliopelekwa Marekani kwa ndege za masomo alizozipigania Mboya.

Kwenye feri pikipiki tuliziegemeza pamoja, gia zimeingia, kamba imepita kwenye vyuma vya mbele. Saa nzima kwenye maji. Sista alilala kwa kukaa. Mimi nilikuwa natazama mlima Homa ukisogea upande wa kulia, nikifikiria kwamba jana tulikuwa chini yake na umetuchukua siku nzima kuuzunguka, ndipo Kijana alipokuja kusimama kando yangu.

"Fundi," akasema, "leo naweza kukaa nyuma?"

Sikumjibu papo hapo. Miaka miwili sijampa mtu nafasi ile. Nikamuuliza honi tatu maana yake nini. Akajua. Nikamuuliza pikipiki ya Sista inaliaje. Akafikiri, akasema ina mlio mwembamba, unaingia na kutoka. Ni kweli, nati moja ya bomba la moshi imelegea na mimi nilikuwa nimepanga kuikaza Jumatatu. Nikampa spana zangu na tyubu ya akiba.

Kutoka Luanda K'Otieno hadi Ndori nilikuwa wa sita, na sikujua la kufanya na masikio yangu. Milio mitano mbele, mmoja nyuma. Nilikuwa nageuza kioo kila mara mpaka mwanagenzi, aliyekuwa mbele yangu, akaniuliza tulipotia mafuta kama nina maumivu ya shingo. Ndori Kijana alisimama kwenye njia panda hadi wote tukapita ndipo akafuata. Tulipita Kombewa, mawe ya Kit Mikayi yakabaki kando tukiahidiana kuja siku nyingine, jua likaanza kushuka mgongoni mwetu.

Kisian tuliingia barabara ya Busia, na malori yakatuingilia katikati. La kwanza likanitenga na Kijana, kisha la pili. Kioo kikawa kimejaa bati na moshi. Nilipunguza mwendo nikaenda ukingoni, nikahesabu mia moja na moja, mia moja na mbili, nikaendelea kuhesabu. Nilipofika mia moja na tisa lori la nyuma likapinda kuingia kituoni, na nyuma yake, upande wa kulia wa njia, ilikuwepo taa moja nyeupe, umbali wake uleule.